Ska ya Kutoa Sadaka

...na huyu Mwangangi mwongoza ibada naye anazungusha kidole hewani, ongeza, ongeza, kana kwamba mimi ni mashine ya posho, sadaka ndiyo inaanza na tayari anataka watu waruke, haya, nimeongeza mwendo, mia na sitini, kinanda chenyewe kimeandika SKA kwa kioo chake kidogo na mpaka leo sijui ska ni nini, Mike wa gitaa alisema ni mziki wa Jamaika, mimi najua tu ni ile batani inayofanya watu wa Mumbuni watoe pesa wakicheka, mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unadonoa pale katikati, penye nafasi, cha, cha, cha, kila wimbo kwa G kwa sababu Kavutha anayeimbisha akipandishwa sauti zaidi ya hapo anapiga kelele, na nimechoka, Mungu wangu nimechoka, hata nikilia hapa hiki kitu kitaendelea kuchangamka, furaha iko kwa batani, haiko kwangu... huyo Titus ametoka kwa benchi ya wanaume, anacheza, ona mabega, mabega hayo ndiyo yalinidanganya nikaolewa, bwana yangu wa mwisho wa mwezi, wiki nne kazini Athi River, siku mbili nyumbani, na Ijumaa akasimama mlangoni bila kuvua viatu, ameshika mtoto wa kike mkono na nguo zake ziko kwa mfuko wa karatasi, akasema, “Wayua, mama yake ameolewa Kivaa na huko hawamtaki. Ukikataa nitampeleka kwa dada yangu Mwala. Nijibu Jumapili tukitoka kanisa.” Mimi nikauliza kitu kimoja tu, anaitwa nani, na hapo ndipo aliangalia chini. Ndinda. Ndinda ni jina la mamake Titus! Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanyake, mzaa baba, hiyo hata haizungumzwi, na mimi nimezaa vijana watatu nikiliweka hilo jina kama shuka ya wageni, nikijiambia wa nne atakuwa msichana, kumbe shuka ilishatandikwa kwa nyumba ingine, miaka mitano watu wanailalia, haki inaniuma, inaniuma kuliko huyo mwanamke mwenyewe, kwa sababu nani alimwosha mwaitu Ndinda, mama mkwe wangu, alipolala mgonjwa miezi saba, nani alimchanganyia uji, si ni mimi... “Kwa furaha, ndugu zangu,” Mwangangi anasema kwa maikrofoni, furaha gani, cha, cha, cha, nitamwambia ampeleke Mwala, nimeamua, jana usiku nilisikia mtoto akikohoa kule sebuleni, kwa viti alikolazwa, nikajigeuza upande wa ukuta, nimeamua... na ndiye huyo mtoto nyuma ya Titus, amefungia shilingi kwa ngumi, sandali ni kubwa kumliko, kila mtu anapiga hatua mbili yeye anapiga moja na nusu, anaruka kutafuta wimbo ulipo, hapati, mama wa nyuma karibu amkanyage, Titus, angalia nyuma, Titus, lakini Titus ameshatupa pesa kwa kapu na anapiga makofi kule mbele, hajawahi kuangalia nyuma huyu, na mtoto amesimama katikati ya kanisa na sasa anatazama huku, kwa kinanda, kwangu, na hiyo paji ya uso, wee, hiyo paji ya uso naijua, niliipaka mafuta... mwaitu na nyonga yake mbaya, alikuwa akifika hapo hapo kwa hiyo nguzo wakati wa sadaka na mimi napunguza mwendo, kidogo kidogo, hakuna aliyekuwa akijua isipokuwa yeye na mimi, akifika kwa kapu ananiangalia, hacheki, ananiangalia tu... na kidole changu kiko wapi, mbona kiko kwa batani ya kupunguza, nani amekituma, mia na hamsini, arobaini, Mwangangi amegeuka ananitolea macho, mwache atoe, thelathini, mguu wa mtoto umeshuka na wimbo, mwingine tena, haya, njoo, njoo Ndinda, na Titus asifikirie nimemsamehe, na yeye tutaongea mpaka ajute, lakini hivyo viti ni vigumu na huyu mtoto anakohoa, na ile blanketi ya mwaitu iko juu ya kabati tangu tumzike, inataka kuanikwa leo, tukifika tu, kabla jua halijaenda...