Swichi Iliyokuja Kunisalimia

Jana nililala vizuri tu, tena mapema, nikaota swichi imekuja kunisalimia.

Niwaeleze kwanza. Kazi yangu ni kuandika maelezo ya swichi za mipangilio katika programu ya kugawana mafaili. Faili linakatwa vipande, kompyuta zinapeana zenyewe kwa zenyewe, hakuna bosi katikati. Kila swichi naiandikia: ukiiwasha inafanya nini, na ikija mpya huwa imewashwa au imezimwa. Sasa jana, kupitia mtandao, nilimwekea mdogo wangu Ambakisye, anayeishi Tukuyu, toleo jipya kama langu, nikaacha kompyuta ikimmalizia sauti ya marehemu mama niliyoirekodi jikoni; vipande vingine alishavipata kwa toleo la zamani, bado kimoja. Hatuna sauti yake nyingine.

Basi, katika ndoto ni mchana, nipo mezani kwangu. Mlango unafunguka. Inaingia swichi, ndefu kama friji, inavua viatu.

"Shikamoo," inasema.

"Marahaba," najibu, na neno linanidondoka mdomoni, puu, mezani. Swichi inaliokota na kulitia mfukoni. Najaribu kulisema tena. Halipo! Mdomo unafunguka, hakuna kitu.

"Mbona unashangaa?" inasema. "Mimi ni Tuma-Ufute. Umeandika mwenyewe: ikiwashwa, kipande kikishafika kwa mwenzako, kwako kinafutwa."

"Niliandika kuhusu mafaili!"

"Hukuandika kwamba ni mafaili tu."

Kweli, sikuandika. Mungu wangu!

Meza inakuwa dirisha la posta. Mimi niko ndani, nje kuna foleni. Mwanamke mmoja ananiuliza njia ya kwenda hospitali. Namwelekeza, ananishukuru, na mimi sijui tena hospitali iko wapi. Mzee mmoja anataka jina la mwalimu wangu wa darasa la kwanza, eti anakusanya. Nampa. Limekwenda hilo. Nikisema sitoi, mkono unatoa wenyewe.

Wa mwisho kwenye foleni ni Ambakisye, ameshika sufuria tupu.

"Dada, vipande vingine vyote vimefika. Kimebaki kimoja, pale mama anapocheka."

"Mdogo wangu, usikichukue! Nikikupa, kwangu kinafutika!"

"Kwa hiyo mimi nibaki na mama asiyecheka?"

Naigeukia swichi. "Zimika! Wewe unakuja umezimwa, nimeandika kwa mkono wangu!"

Inanitazama kwa huruma kabisa. "Hayo ni ya toleo la zamani. Hili jipya wamenigeuza, naja nimewashwa. Kwani hawakukwambia?"

Mkono wangu unanyooka dirishani. Kicheko cha mama kinaingia kwenye sufuria na kugonga chini. Napiga ukelele.

Nikaamka. Kumekucha, jua limejaa chumbani. Ndoto tu, nikajiambia, nikajicheka.

Subilaga, binti wa Ambakisye ninayekaa naye hapa nyumbani, akachungulia. "Shikamoo, shangazi."

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu.

"Shangazi, mbona huitikii? Umenuna?"

Nikampita mbio hadi kwenye kompyuta. Faili lipo. Nikalisikiliza. Mama anapepeta mchele, anakohoa, ananiambia, "Tusa, hebu zima hilo lisimu lako." Halafu pale anapocheka, kimya. Nikarudia. Kimya. Jamani, nilihisi kama amekufa upya.

Simu ikaita. Ni Ambakisye.

"Dada, yote imefika! Nimemsikia mama akicheka, nimelia kama mtoto."

"Ambakisye, kwangu hakipo kicheko. Kimefutika."

"Kimefutika vipi? Usilie, dada, nakurudishia sasa hivi."

"Ngoja! Usitume! Zima kwanza ile swichi ya..."

"Nimeshatuma."

Na kweli, kwenye kompyuta yangu mama akacheka, kile kicheko chake cha kujipiga paja, hadi Subilaga akaja mbio kusikiliza. Machozi yakanitoka.

Kwenye simu nikamsikia Ambakisye akibofya, akibofya tena.

"Dada," akasema, "mbona kwangu hacheki tena?"