Vitamini Si Dawa

Mimi ni fundi mizani. Wauza nyama wananijua na hawanipendi, maana siamini mtu wala chombo. Mizani ikiletwa kibandani kwangu, naijaribu kwa jiwe langu la kilo, kisha naazima la jirani, ndipo nafungua kinywa. Ndiyo maana siwezi kujisamehe.

Mama alikuwa na kisukari mwaka wa kumi na moja. Kumpima na kumchoma insulini ilikuwa kazi yangu. Mdogo wangu wa kike ana saluni, na saluni za siku hizi hazisuki tu, zinatundika na dripu za vitamini C kwa wanaotaka ngozi ing'ae. Siku hiyo saa nne asubuhi alikuja na chupa yake, akaitundika kwenye msumari wa kalenda.

"Mama kachoka mno, Kaka. Hii itampa nguvu."

Alimpenda Mama kuliko nilivyompenda mimi, hilo nalisema wazi. Chupa ilipokwisha akarudi kazini.

Saa saba nikampima Mama sukari. Ishirini na sita! Asubuhi ilikuwa saba. Nikamfuta kidole, nikapima tena, ishirini na sita. Nikapima mara ya tatu, kwa mashine ile ile, mjinga mimi. Nikampigia simu muuguzi wa kliniki.

"Kuna dawa nyingine yoyote aliyotumia leo?" akauliza.

"Hakuna."

Sikukusudia kumdanganya. Kwetu dawa ni ile anayoandika daktari. Vitamini tuliihesabu pamoja na matunda. Akaniambia niongeze insulini, na mimi nikaongeza.

Haikupita saa moja, Mama akalowa jasho, mikono ikamtetemeka.

"Mwanangu, nina njaa."

"Sukari iko juu, Mama."

"Hata chai tu. Weka kijiko kimoja cha sukari."

Nikapima tena, ishirini na nne. "Mama, uzee umekurudisha utotoni," nikamtania, kama tulivyozoea. Hakucheka. Aliomba tena, kisha akaomba huku amenishika shati. Nikamnyima, nikijiona mtoto mwema kupindukia. Saa tisa na nusu nikamwita, hakuitika.

Hospitalini walimtoa damu ya mshipa, wakaipeleka maabara. Sukari ilikuwa moja nukta mbili, chini mno. Daktari akatuuliza maswali, na mdogo wangu akataja dripu.

"Vitamini C ikiwa nyingi mwilini, baadhi ya mashine za nyumbani huihesabu kama sukari," daktari akasema. "Huenda sukari yake haikuwa na tatizo. Insulini ndiyo iliyoishusha."

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja hata mtoto azaliwe. Mama alikata roho kesho yake saa tano asubuhi, bila kufumbua macho.

Mdogo wangu alikaa kwenye benchi la korido, akijigonga kisogo ukutani.

"Nimemuua Mama. Ni mimi, Kaka."

Nikamshika mabega. Akatulia kidogo, akafuta kamasi kwa mtandio, akanitazama.

"Daktari anasema sukari ikishuka hivyo mtu husikia njaa kali. Hakukuomba chochote?"

"Hakuomba," nikasema.

Akainamisha kichwa, akaendelea kujilaani, nami nikamwacha.