Ubavu wa Kushoto

"Vuta pumzi," Keziah alimwambia mwanawe, kisha akaikaza bandeji kwa nguvu zake zote.

"Mama, unanifunga mimi au robota la pamba?"

"Robota la pamba halibishi. Inua mkono."

Amos Tattersall aliuinua mkono wa kushoto, ukafika nusu ya njia, uso ukamkunjamana, akaushusha. Ubavu ulikuwa umevunjika Jumamosi iliyopita. Mzee wa kuunga mifupa aliubonyeza kwa kidole gumba, akasema apumzike wiki sita, na akigongwa palepale kabla mfupa haujashika, utaingia kwenye pafu. Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya viazi. Wiki sita! Siku saba tu zilikuwa zimepita, na saa nane na nusu mchana huo Amos alitakiwa asimame golini dhidi ya Brigshaw, mechi ya kombe.

Mtu mwenye akili zake angebaki kitandani, na Amos alikuwa na akili zake. Ila alikuwa pia na kifua. Tangu umri wa miaka kumi alifanya kazi kwenye chumba cha kuchambua pamba, mahali ambapo vumbi hutanda mpaka humwoni aliye mbele yako, na alipofika ishirini alikuwa akikohoa kikohozi kilekile kilichomzika baba yake, Elijah. Kamati ya timu ndiyo iliyomtoa humo. Walimwombea kazi kwenye bustani ya mwenye kiwanda, kupogoa waridi na kusukuma mkokoteni wa samadi, kwa sharti moja ambalo halikuandikwa popote: alinde goli. Miezi minane kikohozi hakijasikika. Na jana Bwana Crabtree wa kamati alipita mlangoni, akavua kofia vizuri kabisa, akasema asiyeweza kucheza Jumamosi bila shaka ataweza kuchambua pamba Jumatatu. Keziah alitamani amtie ile kofia mdomoni.

Ukoo wa Tattersall haukuwa mgeni wa mpira. Babu yake Amos, Jethro, mfumaji wa mtambo wa mkono, alicheza ule mpira wa zamani wa mara moja kwa mwaka, mji mzima dhidi ya mji mzima, mtoni na vichochoroni. Siku moja akarudi nyumbani na jicho moja, akitangaza kwamba wameshinda. Elijah alicheza nyuma ya kiwanda saa ya chakula, kwa mpira wa mabaki ya pamba uliofungwa kamba, mpaka kifua kikamkataza. Halafu akaja Reuben, mtoto wa kwanza wa Keziah, kipa wa kwanza wa timu hii ya Hadderclough. Sheria iliruhusu, na bado inaruhusu, mshambuliaji kumvaa kipa awe na mpira au asiwe nao. Reuben alivaliwa, akapigwa goti la tumbo. Alimaliza mechi, jioni akala utumbo na vitunguu, Jumatano akafa. Kamati ilileta shada la maua, na wiki hiyohiyo ikaja kuuliza kama mdogo wake ana mikono mizuri.

Sasa Keziah alikuwa amesimama kwenye kamba ya watazamaji nyuma ya kona, karibu na goli la Amos, shali kichwani, viatu vya mbao vimezama kwenye matope. Pembeni yake alikuwa dada yake Tamar, mfumaji kama yeye, mwanamke wa maneno mengi na meno machache. Watu elfu sita walikuwa wanapiga kelele.

"Mtazame Bwana Crabtree pale jukwaani," Tamar alisema. "Amekaa kama yeye ndiye aliyevunjika ubavu."

Alisema bila sauti. Wafumaji wa Hadderclough ndivyo wanavyozungumza. Mitambo mia sita ikinguruma kwenye ukumbi mmoja, sauti ni ya kazi gani? Wanatamka kwa midomo, na mwenzao wa upande wa pili anasoma kila neno kana kwamba limechapishwa. Wakitoka kazini wanaendelea vilevile, hasa kwa mambo ya siri: mimba, madeni, tabia za mchungaji. Dirisha kwa dirisha, ng'ambo ya barabara, kimya kabisa. Wanajiona wajanja sana, na wanasahau kuwa siri hiyo wanaisema kwa lugha ambayo kila mtu katika miji mitano ya jirani anaijua.

Keziah alikumbuka hilo dakika ya ishirini.

Mshambuliaji wa Brigshaw, Silas Ormerod, kijana wa miaka ishirini na mabega ya farasi wa mkokoteni, alikuwa anarudi katikati baada ya shuti kwenda nje. Aligeuka kumtazama mwenzake, na uso wake ukamwelekea Keziah moja kwa moja.

"Kushoto," midomo yake ilisema. "Mbavu za kushoto. Mama alisoma kabisa."

Mama alisoma wapi? Keziah akaangaza macho kwenye kamba, na hatua ishirini hivi kutoka kwake akamwona mwanamke wa makamo mwenye shali ya kijani. Akamjua hapohapo. Alhamisi, sokoni, mwanamke huyu alikuwa akichagua samaki kwenye meza, na Keziah alikuwa upande wa pili wa barabara akimweleza Tamar juu ya vichwa vya watu: ubavu wa kushoto, wa nne kutoka chini, akiguswa tu amekwisha. Alieleza kila kitu. Hata bandeji aliitaja.

"Tamar," alisema, na safari hii sauti ilimtoka. "Wanajua. Nimemuuza mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Nani anajua? Acha kuniminya mkono!"

Hakupata muda wa kujibu. Mpira ulipigwa juu kuelekea goli, Amos akauruka, na Silas akaja kutoka kushoto bila hata kuutazama mpira. Amos alijipinda sekunde ya mwisho, bega la Silas likampata mgongoni badala ya ubavuni. Alianguka kwa magoti, akakaa hivyo, kichwa chini. Mwamuzi alitazama kwingine, maana hapakuwa na kosa la kuadhibu. Amos alisimama taratibu, akipumua kwa vipandevipande kama mtu anayepanda ngazi ndefu.

"Mwambie atoke!" Tamar alisema.

"Atoke aende wapi? Kwenye vumbi?"

"Basi mwambie wanajua."

"Nikimwambia yeye nawathibitishia wao. Hujaona? Huyo mama hajaniondolea macho."

Kweli, mwanamke wa shali ya kijani alikuwa akimtazama Keziah usoni tangu walipoanza, kwa utulivu, jinsi mfumaji anavyotazama nyuzi ili ajue ipi inakaribia kukatika. Keziah alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Alimchukia mwanamke yule, akajichukia yeye mwenyewe zaidi. Halafu, katikati ya hasira hiyo, akili ikamfunguka.

Timu zilipopumzika, Keziah na Tamar walihamia kona ya goli la pili, ambako Amos angesimama kipindi cha pili, na mwanamke wa shali ya kijani akawafuata. Hapo Keziah alimwambia Tamar asogee mpaka upande wa pili wa kibendera cha kona. Tamar alienda akinung'unika. Keziah akageuka nusu, uso wake ukaonekana vizuri na yeyote aliyetaka kuuona, akaweka mkono karibu na shavu kama mtu anayeficha, akauficha vibaya makusudi. Yeye aliyefundisha watoto wa kanisani miaka kumi na minne kwamba uongo ni dhambi alitamka polepole, neno kwa neno:

"Wajinga hawa wamenasa. Kushoto tumefunga bandeji ya bure. Uliovunjika ni wa kulia. Mungu amwepushe, akiguswa kulia namzika."

Tamar alipigwa butwaa. Halafu akaelewa, na hapo ndipo alipoonyesha kuwa ni ndugu wa damu.

"Nyamaza, mwenzangu!" akajibu kwa midomo, akitazama huku na huku. "Watakusoma!"

Mwanamke wa shali ya kijani aliinamisha macho haraka. Baada ya kitambo kidogo akajipenyeza mpaka mbele kabisa, na mechi ilipoendelea, Silas alipokuja kuokota mpira uliotoka karibu na kamba, midomo ya mama yake ilitikisika mara tatu nne. Silas akaitikia kwa kichwa.

Keziah alishika kamba kwa mikono miwili. Upande wa kulia wa Amos ulikuwa mzima, mgumu kama ubao. Ungeweza kupokea bega la mtu yeyote na kubaki na alama ya bluu tu. Hilo ndilo alilolitaka, hakutaka zaidi ya hilo. Baadaye alijaribu kulikumbuka kwa usahihi.

Hadderclough walipata goli dakika chache baadaye, na Brigshaw wakaja juu wote. Mpira ulitoka pembeni, mrefu, ukielea, ukishukia mlingoti wa kulia wa Amos. Amos alirudi nyuma akiufuata mpaka akawa amebakisha hatua moja kati yake na mlingoti. Silas alikuwa anakuja mbio kamili. Kushoto kwa kipa kulikuwa wazi. Mtu mwingine yeyote angepitia hapo. Silas akakata kona, akaelekea kulia, kwenye ule upenyo mwembamba, bega mbele na kichwa chini.

Keziah aliliona sekunde moja kabla halijatokea. Alifungua mdomo, na hata leo hajui alitaka kumwita nani.

Amos alipiga ngumi mpira na kujitupa mbele. Silas akapita nyuma yake, akakutana na mlingoti. Ule ni mti mzima wa msonobari, umechimbiwa ardhini futi tatu. Ulilia kama boriti inapovunjika, ila haukuwa mti uliovunjika.

Silas alikuwa amelala chali, macho wazi. Amos alipiga magoti kando yake akamshika mkono. Keziah akasoma midomo ya yule kijana waziwazi kabisa, maana hakuna sauti iliyotoka: "Miguu yangu iko wapi? Siisikii."

Wakaleta mlango waliong'oa kwenye kibanda cha kubadilishia nguo, wakamlaza juu yake. Wabebaji walipita kwenye kona, na mwanamke wa shali ya kijani akawa anafuata nyuma, shali imemwanguka mabegani, hana habari nayo. Alipofika mbele ya Keziah alisimama. Uwanjani mwamuzi alikuwa akiwaita wachezaji warudi. Zilibaki dakika ishirini, na wenzake Silas walikuwa wamesimama hatua chache kutoka hapo, nyuso zimewaiva kwa hasira, wakimtazama Amos.

"Niambie," mwanamke yule alisema kwa midomo. "Mimi na wewe ni mama. Niambie kweli, ulikuwa upande gani?"

Keziah alimtazama. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, fupi tu, na lingeutua mzigo wote mara moja. Lakini nyuma ya bega la mwanamke yule aliona vijana watatu wa Brigshaw wamegeuka. Wote walikuwa watoto wa wafumaji, na wote macho yao yalikuwa kwenye mdomo wake.

"Kulia," Keziah alisema. "Ni wa kulia."

Mwanamke alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa machozi, na Keziah akajiandaa kutemewa mate. Badala yake mkono mgumu wa mfumaji, wenye vidole vilivyochanikachanika kama vyake, ulimshika kifundo cha mkono.

"Basi nisamehe," mwanamke alisema, na safari hii alisema kwa sauti, sauti iliyopasuka. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia ampige wako pale panapouma. Mungu amenilipa palepale. Wako hana kosa, na wewe huna kosa. Nisamehe, mama."

Tamar aligeuza uso pembeni. Golini Amos alikuwa amesimama kati ya milingoti yake, ameukumbatia ubavu wa kulia kama anayeulinda, kwa sababu yeye pia alikuwa mtoto wa mfumaji, na alikuwa amesoma kila kitu.

"Nimekusamehe," Keziah alisema.

Filimbi ikalia, na mpira ukaanza tena.