Kengele Ndani ya Santuri

Mzee Learco alikuwa haimbi mpaka mashine iwake. Ilinichukua muda kulijua hilo nilipoanza kazi kwenye tanuri lake la mikate, kwa sababu mashine ya kukandia unga ilinguruma kama trekta. Nilikuwa namwona tu: shingo inavimba, mdomo unafunguka, macho yanapanda darini. Nikizima mashine, mdomo unafungwa palepale.

"Ulikuwa unasema kitu, mzee?"

"Nilikuwa napiga miayo, Nives. Lete trei."

Sababu yake mji mzima uliijua. Kwetu huku Italia, upande wa Parma, watu husameheana mengi, lakini mwimbaji wa tenori akikosa sauti ya juu hasamehewi. Na tenori wetu ni mmoja, Ermete Vandelli, mtoto wa seremala wa hapahapa, aliyeimba kwenye majumba makubwa ya opera hadi ng'ambo, akafa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Alituachia santuri moja, aliyoirekodi ujanani katika chumba cha hoteli kinachotazamana na kanisa letu. Ni wimbo wa askari anayemuaga mchumba wake, na mwisho wake unapanda mpaka msikilizaji anashika kiti.

Kilabu cha Vandelli kina desturi. Kila mwaka, siku aliyozaliwa, baada ya supu ya anolini, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, anayejiona ana koo husimama kando ya gramafoni akaimba pamoja naye. Ukifika naye mwisho, jina lako linachongwa kwenye ubao ukutani. Ubao ulikuwa mtupu tangu ulipotundikwa. Learco alijaribu akiwa kijana, wiki ileile ya harusi yake. Pale mwisho Vandelli akapanda, Learco akabaki chini anakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Wakampigia miluzi ya kumzomea. Aliyeanza alikuwa Ivo, rafiki yake mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenyekiti. Tangu siku hiyo Learco hakuimba tena mbele ya mtu, hata kanisani, hata kwenye harusi yake mwenyewe.

"Mimi niliolewa na redio iliyokatika waya," mkewe, Bi Dorina, alizoea kuwaambia wateja. "Siku nikifa ndiyo ataniimbia, nami sitasikia."

Alisema akicheka. Lakini mimi nilikuwa natazama mikono yake, na mkate uleule alikuwa ameufunga karatasi mara mbili.

Mwaka huo alikuja Saverio, fundi wa sauti kutoka Milano, kijana mwenye miwani. Kazi yake ilikuwa kuzisafisha santuri kuukuu na kuzitoa upya. Ivo alimwazima ile ya kilabu kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Saverio akairudisha siku yenyewe ya sherehe, pamoja na santuri mpya, gramafoni yake ya kisasa na spika mbili kubwa.

Nilikuwa nimepeleka mikate, nikabaki. Learco alikuwa ameketi mahali pake pa siku zote, karibu na mlango wa jikoni, ubao ukiwa mgongoni kwake, na Bi Dorina meza ya jirani.

Santuri ikaanza, na kwanza tukashtushwa na ukimya. Miaka yote Vandelli alikuwa anatuimbia kutoka ndani ya kikaango cha mafuta ya moto. Sasa alikuwa chumbani nasi. Alivuta pumzi tukamsikia. Kiti cha mpiga piano kikalia tukakisikia. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Ivo akainuka. "Zima! Zima hiyo! Huyu si Vandelli. Vandelli wetu yuko juu zaidi. Umemshusha!"

"Sijamshusha, mwenyekiti," Saverio akajibu. "Zamani kila santuri ilikuwa na kasi yake. Gramafoni yenu inazungusha haraka mno, na ukizungusha haraka, sauti inapanda."

"Gramafoni ile aliirekebisha babu yangu kwa mkono wake!"

"Basi babu yako alikuwa na haraka," Bi Dorina akasema. Meza zote zikacheka.

"Dorina, hapa hatuzungumzii mikate."

"Kwani mimi nimetaja mikate?"

Vurugu ikaanza. Wengine walimtaka kijana arudi Milano kwenye ukungu wa kwao, wengine waligonga vijiko mezani. Saverio alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Basi isikilizeni hadi mwisho," akaomba. "Mkishaimaliza, nifukuzeni."

Akarudisha sindano mwanzo. Vandelli akaaga, akapanda, akafika kule juu, akashuka. Piano ikanyamaza. Halafu ikalia kengele.

Tuligeuka sote dirishani. Don Celso, padri wetu, akatazama saa yake, akaruka kitini. "Nani yuko mnarani saa hizi? Nani kampa ufunguo?"

Mnara ulikuwa umetulia, njiwa wamejipanga juu yake.

"Imo ndani ya santuri," Saverio akasema. "Mikwaruzo ilikuwa imeificha. Kasi ingekuwa si sahihi, mlio wake usingelingana na wa mnarani."

Kengele ile ndiyo inayotuamsha na ndiyo inayotuzika. Hakuna mtu wa mji huu anayeweza kuambiwa kuwa ni nyingine. Lakini Ivo ni Ivo.

"Padri, nenda ukaipige."

"Mimi? Na supu yangu?"

"Nenda!"

Don Celso akavuka uwanja akikimbia, kitambaa cha mezani kingali shingoni. Akaipiga mara moja. Saverio akaishusha sindano pale mwisho. Mlio wa mnarani ulikuwa bado haujaisha, wa santuri ukaingia ndani yake, na miwili hiyo haikupishana hata unywele.

Ivo akaketi taratibu. Kisha akageuza kichwa kuelekea mlango wa jikoni, na watu wote wakageuka naye.

"Learco," akasema. "Kumbe siku ile ulikuwa unaimba na mtu anayekimbizwa."

"Kula supu yako, Ivo."

"Mimi ndiye niliyeanza miluzi."

"Najua. Nilikusikia. Kula."

Lakini mimi nilikuwa namtazama shingo, na shingo ilikuwa imeanza kuvimba.

Bi Dorina naye alikuwa anamtazama. Akaenda akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Leo hapa hakuna mashine, baba watoto."

"Mashine gani?"

"Chumba chetu cha kulala kiko juu ya nini? Kila alfajiri nalala nasikia trekta linaimba. Maneno tu ndiyo siyapati."

Learco akacheka kabla hajajizuia, na kicheko hicho ndicho kilichomwinua. Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na unga, akaenda kusimama kando ya spika. Saverio akarudisha sindano mwanzo.

Alianza kwa sauti yenye kutu. Mzee mmoja akakohoa, Bi Dorina akamkata jicho. Kisha kutu ikatoka kidogo kidogo, na wale wawili, yule aliyekufa na yule mwoka mikate, wakawa wanavuta pumzi mahali pamoja. Kwenye ile sauti ya mwisho nilifumba macho, nikashika kapu. Nilipoyafumbua walikuwa wamefika, wote wawili, na Learco alikuwa bado ameishikilia, uso mwekundu, machozi yakimtiririka kwenye tabasamu.

Kengele ikalia ndani ya santuri. Hakuna aliyepiga makofi mpaka ilipokwisha. Halafu, jamani, nilidhani madirisha yatavunjika.

"Patasi!" Ivo alikuwa anapiga kelele huku akipenga makamasi. "Nani ana patasi? Ubao huo!"

"Patasi itasubiri," Bi Dorina akasema. "Aimbe tena. Mara ya kwanza nilikuwa nalia, sikusikia vizuri."

Kesho yake alfajiri Learco aliingia, akafunga aproni, nami nikanyoosha mkono kwenye swichi ya mashine.

"Ngoja kwanza, Nives," akasema.

Juu, dirisha la Bi Dorina likafunguliwa. Mikate ilichelewa siku hiyo, na wateja walijipanga nje bila kulalamika. Aliyelalamika ni Ivo peke yake, aliyekuja kusema kwamba ubeti wa pili Learco aliuharakisha mno.