Inox ya Ngazi ya Muzee Melchior

Muzee Melchior alikufa juma ile ya mvua mingi, na gari yake ikashindwa asubuhi ya kumuzika.

Waliita patron wangu Hamimu, na Hamimu akaniita mi. Garage yetu iko Buyenzi, lakini ile gari, jipu ya diesel, ilikuwa imesimama Gihosha, mbele ya nyumba ya muzee. Sanduku ya maiti iko saloni. Watu wamevaa vizuri, wanatuangalia kama sisi ndio tulichelewesha Mungu.

Muzee ilibidi apande mpaka kwao, kwenye kilima nyuma ya Muramvya, wazazi wake wanalala pale. Gari za kukodi za maiti hazifiki. Lami inaisha, inabaki matope na mupando. Ile jipu ya diesel tu ndiyo inajua ile njia.

Bonfils, mutoto wake wa kwanza, alikuwa ameitoa kidogo kuijaribu. Kufika mupando wa kwanza ikafanya puu! Moshi mweusi, nguvu zero, akairudisha polepole mpaka nyumbani. Nikafungua kapo. Kwa injini, bomba ya kutoka kwa turbo, ile inasukuma hewa, kwenda kwa intercooler, ile inaipoza, ilikuwa imepasuka, tena si leo. Ilikuwa imefungwa na vipande vya chambre à air, mupira wa ndani ya gurudumu, vile tunafungaga kila kitu mu hii muji: baskeli, kitanda, kuku. Mafuta ilikuwa imelainisha ule mupira. Ikaachia.

"Nani alifunga hivi?"

"Ni mi," Bonfils akasema.

"Ulizani unafunga kuku?"

Hamimu akanisukuma na kiwiko. "We! Mutu iko na musiba."

"Iko na musiba na iko na gari mbovu. Vyote viwili."

Bonfils hakukasirika. Macho yake ilikuwa nyekundu. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na bomba ya plastiki, ile nyeupe ya mafundi wa maji. "Hii upana wake ni uleule. Tukate, tufunge, twende."

"Apana."

"Kwa nini apana? Itabeba hewa tu."

"Hewa ya moto, mukubwa. Turbo ikisukuma, ile hewa inaweza kuchoma mukono. Plastiki italainika, itatoka kwa kolye, zile pete za kukaza, na itatoka mu mupando, si hapa kwa tambarare."

Basi mujane wa muzee, mama Daphrose, akatoka mulangoni. Mama mufupi, kitambaa cheupe kichwani. Hakuuliza habari ya plastiki. Aliuliza swali moja:

"Itamufikisha?"

Akasema, "Dada yake Melchior, siku ya kumuzika, alikwama njiani. Gari ilikufa mu mupando, wakamuhamisha mu camion, lori ya mihogo, ile nayo ikashindwa, wakamurudisha huku chini. Kwetu maiti ikitoka mulangoni hairudi. Melchior alibeba ile haya mpaka siku ya mwisho. Aliniapisha, mi, mu kitanda, nimufikishe kwao. Kwa hiyo kama haifiki, semeni sasa, tumuzike huku na nitajua nimevunja kiapo. Lakini musinidanganye."

Nikachomoa ile bomba iliyopasuka, nikapima upana wake na vidole.

Hamimu akasema tuchukue bomba ya échappement, ile ya moshi, chuma ya kawaida, kuna mutu anauza karibu. Nikaenda na pikipiki, nikaileta. Nikaingiza kidole ndani. Kidole ikatoka nyekundu. Kutu.

"Tutaisugua," Hamimu akasema.

"Patron, utasugua mwanzo na mwisho. Katikati utafikaje? Ile kutu itabanduka na hewa, intercooler itashika kidogo, ingine injini itameza."

"Basi alu, aluminiamu."

"Alu ni nzuri. Nyepesi, inapoza. Nani ataiunga na soudure leo? We hauna ile mashini."

"Sina," akakubali. "Durite ya radiateur, ile bomba ya mupira?"

"Ile ni ya maji. Hewa ya turbo iko na mafuta ndani. Itavimba kama ule mupira."

Watu wa kwaya wakaanza wimbo polepole ndani. Mi nikakaa kwa ngazi za mulango, nikaegemea chuma ya kushikilia. Ilikuwa baridi, laini, inang'aa. Inox, chuma isiyoshika kutu. Nikaishika mukono wote. Nikaangalia gari. Nikaishika tena.

"Patron."

Hamimu akaona mukono wangu, uso wake ukabadilika. "Apana, Shakuru. Hiyo apana."

"Upana wake ni uleule, karibu. Haina kutu. Pale juu iko na kona tayari. Baguette za inox, vijiti vya soudure, unazo, hii kazi unaijua."

"Naijua kwa sababu ni mi niliifunga!" Akashusha sauti. "Magoti ya muzee ilikataa, akaniita. Nilipima na mukono wake, bwana. Nikamuambia, muzee, shika hapa, na yeye akashika, na mi nikaweka alama. Sasa niikate na yeye bado iko ndani ya nyumba?"

Mama Daphrose alikuwa amesikia. Alishuka ngazi moja, mukono wake kwa ile chuma, mahali mukono wa muzee uliing'arisha kuliko pengine.

"Hii itamufikisha?" akaniuliza mi.

"Plastiki haifiki, mama. Ile ya kutu sijui. Hii inafika. Na mi nitapanda nanyi."

Akatoa mukono. "Kateni."

Hamimu alikata yeye mwenyewe, alinikataza kugusa meule, ile mashini ya kukata. Alipunguza kona, akapiga soudure, akazungusha mustari wa soudure kila mwisho ili durite isiteleze. Mi nikasafisha ndani na brosi na kitambaa mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Vipande vifupi vya durite ya turbo tulitoa kwa gari mbovu ya garage. Tukakaza kolye. Bonfils akawasha, akakanyaga. Turbo ikapiga filimbi safi.

Tukatoka. Bonfils anaendesha, mama mbele, mi nyuma na sanduku, magoti yangu kwa mbao. Barabara ya Bugarama ilikuwa na ukungu. Camion zinapanda polepole, vijana wa baskeli wamezishikilia nyuma. Mi nilikuwa nasikiliza filimbi tu. Ikishuka, roho yangu inashuka. Kwa kona kubwa Bonfils alibadilisha vitesse, gia, kimya kikaingia, nikashika sanduku kama mujinga, kama nitaisukuma na mikono. Filimbi ikarudi.

Kisha lami ikaisha. Matope. Jipu ilichimba, ikatikisika, ikapanda.

Muzee Melchior alifika kabla ya mvua. Watu wa kule waliokuwa wanangoja wakamushusha, padri wao akasoma, udongo ukaingia. Wanaume walipokuwa bado na majembe, mama Daphrose akarudi kwa gari, peke yake, viatu vimejaa matope.

"Fungua nione."

Nikafungua kapo. Inox ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya asali karibu na turbo. Akanyoosha mukono.

"Inachoma, mama."

Akaurudisha. Hakuondoka. Alisimama pale, mikono kwa tumbo, akangoja ipoe aishike.