Swali la Dirishani

Mukunde alikuwa na majivuno mawili: mafaili yake hayakurudishwa na bima hata siku moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bukoba alikokulia, kimenyooka, si cha kuokoteza. Jumatatu hiyo yote mawili yalimponza kwa mpigo.

Kazi yake katika zahanati moja ya mtaa wa Muhima, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa kugeuza maandishi ya daktari kuwa msimbo, ile herufi na namba ambayo bima huisoma kabla ya kukubali kulipia dawa. Asubuhi ile mbele yake palikuwa na faili la Mukagasana, fundi cherehani wa Gisozi ambaye watu humwita Mama Usumani. Daktari Ngabo alikuwa ameandika "hofu na huzuni", akaishia hapo, kisha akapanda gari kwenda Nyagatare kumzika shangazi yake. Sasa, hofu ina msimbo wake. Huzuni nayo ina wake. Zikimjia mtu pamoja bila moja kuizidi nyingine, upo msimbo wa tatu. Ngabo hakusema ni upi, na bila msimbo Mama Usumani asingepewa dawa, na za mwanzo zilikuwa zimemwishia.

Utaratibu uko wazi: usipoelewa maandishi, muulize aliyeandika. Mukunde angeweza kumsubiri Ngabo arudi kesho yake. Lakini mwenye sifa hasubiri, hutafuta njia ya mkato. Akamwona mama mwenyewe amekaa kwenye benchi, ushungi wake wa kijani umefungwa vizuri, mikono mapajani. Akamwita dirishani.

"Mama, samahani," alisema. "Kinachokuzidi ni kipi, huzuni au hofu? Ile ya kulia bila sababu, au ile ya moyo kwenda mbio?"

Alisema kwa Kiswahili makusudi, na kwa sauti, maana kioo kile ni kinene. Watu kwenye foleni walikuwa wakizungumza Kinyarwanda tangu asubuhi, naye akaona amemfichia mama siri yake. Muhima hiyo. Jirani na Nyabugogo, ambako viatu vinauzwa kwa Kiswahili, mabasi yanaitiwa abiria kwa Kiswahili, na hata ugomvi ukipamba moto watu huhamia Kiswahili. Mtu anafanya kazi mahali kama hapo na bado anadhani lugha yake ni pazia.

Foleni nzima ilikuwa imesikia na kuelewa. Mwanamume mmoja mwenye kofia akasema taratibu, "Dada, acha mama wa watu. Huzuni na hofu iko kwa kila mutu." Wachache wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mama Usumani alimtazama Mukunde kupitia kioo. "Mimi iko muzima," alisema. "Nilipita kusalimia tu." Akachukua mkoba wake akatoka, hana dawa.

Ulimi hauna mfupa, wazee walisema, lakini hawakusema ukishateleza unaurudishaje mdomoni. Mukunde alitamani ardhi ipasuke. Aliwahudumia waliobaki bila kuinua uso, na kila aliyefika dirishani alimwona kama anakuja kumsuta. Aliona aibu kwa ajili ya yule mama, kisha aibu yake mwenyewe ikaja ikaifunika ile ya kwanza, naye akazidi kujichukia kwa kuwa bado alikuwa anajifikiria yeye.

Jioni alivua kitambulisho cha kazi, akapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Gisozi. Mama Usumani huwashonea maseremala wa Agakiriro, soko la samani la huko, vitambaa vya makochi. Alimkuta nyuma ya cherehani, katikati ya vumbi la mbao na kelele za misumeno, majirani zake pande zote.

Mama alimwona kwanza. "Karibu, mteja," akasema kwa sauti ya kusikika. "Kaa hapo. Unataka kochi ya watu wangapi?"

Mukunde akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. "La watu watatu, Mama," alijibu, naye hata sebule ya kuliweka hana.

Jirani alipowasha msumeno tena, Mukunde akainama. "Mama, nisamehe. Nilidhani hawasikii."

"Walisikia. Yule wa kofia tunaswali naye musikiti moja." Mama hakuacha kushona. "Wewe unavaa nguo ya kazi, unasoma mambo ya watu, halafu unayaita kama konda wa Nyabugogo."

"Nimekosa."

"Umekosa, ndiyo."

"Dawa hukuchukua. Naomba uje kesho. Daktari atakuwepo, atakuuliza mwenyewe, ndani, mlango umefungwa. Na mimi nitakufungulia mlango wa nyuma, hakuna atakayekuona."

Cherehani ikasimama. "Mulango wa nyuma ni wa mwizi," alisema Mama Usumani. "Mimi niliiba nini? Usiku silali, moyo unapiga, asubuhi machozi. Vyote vinakuja pamoja, kama mapacha. Si wizi hiyo. Nikija, nitapita mbele."

Mukunde akainuka. Aliaga, na mama akamsindikiza kwa maneno ya mteja, ili majirani wasikie: kochi litakuwa tayari, apite tu wakati wowote.

Kesho yake Mukunde alimweleza Ngabo yote kabla daktari hajavaa koti lake jeupe. Ngabo alisikiliza, akasema tu, "Ungeningoja." Mama Usumani alipofika alipita mlango wa mbele, akaingia kwa daktari, na faili likatoka limeandikwa kama inavyotakiwa. Msimbo ukawa ule wa tatu, bima ikakubali, na pakiti ya dawa ikaletwa dirishani.

Foleni ilikuwa imejaa. Mukunde aliisukuma pakiti chini ya kioo bila kutaja jina wala chochote. Mama Usumani aliishika lakini hakuondoka. Akauliza, kwa sauti ile ile ya Mukunde ya jana:

"Hizi ni za huzuni ao za hofu?"

Benchi zima likageuka. Mukunde akasogea karibu na kioo. Alitafuta jibu lake la Bukoba lililonyooka, asilione.

"Ni zako, Mama," alisema, karibu kwa kunong'ona.

"Eeh." Mama Usumani alitia pakiti mkobani, akafunga zipu. "Ni hivyo ulipaswa kusema jana, mwanangu."

Aliondoka polepole, akimsalimu huyu na yule. Mukunde alichukua faili lililofuata na kulisoma jina. Ilibidi atoke kwenye kiti, afungue mlango, amwendee mgonjwa hadi kwenye benchi na kumwinamia, kwa kuwa sauti ya kumwita hakuwa nayo tena.