Mto wa Kutazamwa Dirishani

Kama kuna kitu Pyo Sukhyang alikijua hapa duniani, ni samaki bapa. Katika duka lake pale mtaa wa Abai, mjini Sokcho, aliwachachusha kwa mtama na pilipili kama baba yake alivyomfundisha, na baba alifundishwa na mama yake huko kaskazini kabla ya vita. Ungemletea samaki wa juzi ukamwambia ni wa leo, angekurushia na ndoo yako. Lakini safari za ng'ambo? Wapi! Hapo alikuwa mweupe pe.

Ulikuwa mwaka ambao baba yake, Mzee Pyo Deokbo, alitimiza miaka themanini na moja. Kwetu mzazi akifika umri huo watoto hawajampeleka ng'ambo, majirani hawakusemi mbele yako. Wanasubiri upite. Wazee wenzake walishapelekwa Thailand na Vietnam, wakarudi na kofia za majani na picha za tembo. Mzee Pyo hakutaka tembo. Alitaka kitu kimoja tu: asimame kwenye ukingo wa mto Amnok, mpakani mwa Korea Kaskazini, upande wa China, mkabala na kijiji cha Samgol alikozaliwa, amwinamie mama yake.

Hapo pa kuinama ndipo penyewe, kwa hiyo tusipapite mbio. Mtu aliye hai tunamwinamia mara moja, magoti chini na paji la uso juu ya mikono. Aliyekufa, mara mbili. Desemba ya mwaka 1950, Deokbo akiwa kijana wa miaka kumi na minane, alimwinamia mama yake uani, mara moja, haraka haraka, akamwambia, "Siku tatu tu, Mama. Narudi." Akafuata majeshi yaliyokuwa yakirudi kusini. Mpaka ukafungwa nyuma yake, na siku tatu zikawa miaka sitini na zaidi. Muda wote huo hakuwahi kumwandalia mama yake meza ya marehemu, chakula na pombe ya kumkumbukia, hata mara moja. Ukiandaa meza huna budi kuinama mara mbili, na ukiinama mara mbili umeshamzika kwa mikono yako. "Nani kaniambia amekufa?" ndilo lilikuwa jibu lake kila mwaka. Angekuwa hai, mama huyo angekuwa na miaka mia moja na mbili. Mzee hesabu hiyo aliijua, si mtoto.

Ndipo siku moja wakipara samaki akamwambia bintiye, "Suk, nataka nikamuage mama. Nikiwa naliona paa la nyumba. Kwanza nimwinamie kama yuko hai, asije akanilaumu. Halafu ile ya pili."

Sukhyang akageuka ukutani, akajifanya kisu kimemkata.

Kesho yake alikwenda kwa wakala wa safari. Dada wa pale akamwekea karatasi mbili mezani.

"Hii ya bei ya juu haina maduka, na mtoni mnashuka, mnakaa saa nzima," akasema. "Hii ya bei poa ina maduka manne, na mto ni wa kutazamwa dirishani."

"Dirishani ndiyo nini?"

"Basi linapita kando ya mto, mama. Mnauona mkiwa mmekaa kwenye viti."

Sukhyang akazitazama picha. Karatasi zote mbili zilikuwa na picha ileile, maji na vilima. "Si mto ni uleule?"

"Uleule."

"Basi tutamwomba dereva asimame kidogo. Watu huongea, bwana, si mawe."

Kwa pesa itakayobaki angemnunulia mzee koti zito la kupandia mlimani. Akatia sahihi. Wengine huuziwa mbuzi kwenye gunia. Yeye gunia lilifunguliwa, akachungulia, akamwona mbuzi ni kilema, akamchukua vilevile. Na moyo wake ulikuwa safi! Kila mtu mtaani amemwambia hivyo, na hajawahi kukubali.

Wakaondoka Septemba. Mzee alivaa suti na tai tangu siku ya kwanza, koti jipya akalikunja mapajani. Mkobani alikuwa na mkeka mdogo, kikombe cha shaba, chupa ya pombe ya mchele, na kopo la samaki bapa. Wenzao kwenye basi walikuwa kina mama wa klabu ya kupanda milima kutoka Wonju, na mkubwa wao aliitwa Bi Guk, mwanamke mwenye sauti ya kunadi kabichi. Siku ya pili kopo likavuja kidogo. Harufu ya samaki wa kuchacha unaijua mwenyewe.

"Jamani, nani kafa humu ndani?" Bi Guk akapiga kelele, akijibana pua.

Basi zima likaangua kicheko. Sukhyang alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini baba yake naye alikuwa anacheka mpaka machozi. "Hajafa mtu, mama! Ni mapishi ya mama yangu hayo!"

Mlimani, walikopelekwa kwanza kutazama ziwa la kileleni, walikuta ukungu, hawakuona ziwa wala jiwe. Kina mama walinung'unika, mzee wala. Yeye alikuwa anaihesabu siku ya tatu, siku ya mto.

Siku ya tatu asubuhi wakaingizwa kwenye duka la mawe ya kijani, mlango ukafungwa nyuma yao. Muda wa saa moja, ratiba ilisema. Lakini walionunua walikuwa watatu tu, meneja akanuna, na mlango haukufunguliwa hadi saa mbili zikaisha na Bi Guk akanunua bangili ya pili kwa hasira. Heo, kijana wa Kikorea wa kulekule China aliyewaongoza, alikuwa anatoka jasho kama anayechomwa. Basi lilipoondoka, Sukhyang akamfuata mbele.

"Bwana Heo, tukifika mtoni tusimame dakika tano. Baba yangu ni mzaliwa wa ng'ambo pale."

"Dada, pale hatusimami. Duka la magodoro wanatusubiri, na tumeshachelewa."

"Dakika tano tu!"

"Dada yangu, mimi mshahara sina," Heo akasema kwa sauti ya chini. "Kwa nauli mliyolipa nyinyi, unadhani nani anawalisha? Maduka. Tukichelewa, mimi na dereva tunakula hewa."

"Basi tushushe sisi wawili. Tutapanda teksi."

"Viza yenu ni ya kundi. Karatasi moja, majina thelathini na moja. Wakipungua wawili, kundi zima linakwama uwanja wa ndege. Unawataka kina mama hawa walale sakafuni?"

"Hee, ndege yetu isiguswe!" Bi Guk akadakia kutoka kiti cha tatu. "Kila mtu akisimamishiwa mto wake, tutafika lini?"

Sukhyang alikuwa anafungua mdomo amjibu jibu la sokoni hasa, lakini akasikia sweta lake likivutwa. Baba yake alikuwa amesimama nyuma yake. "Rudi ukae, mwanangu. Usitusumbulie watu."

Wakarudi. Na hapo ndipo Sukhyang alipoona kitu ambacho picha ya wakala haikuonyesha: basi lina pande mbili. Mto ulitokea kulia. Wao walikaa kushoto. Jua la mchana lilikuwa linapiga upande ule, na kina mama walikuwa wamefunga mapazia, wamelala midomo wazi.

"Samgol!" mzee akasema. Akainuka na chupa yake mkononi, akachungulia juu ya kichwa cha Bi Guk, kwenye upenyo wa pazia usiozidi kiganja. Maji ya kahawia, membamba, ungeweza kurusha jiwe likavuka. Kilima kilichonyolewa miti. Mapaa, moja likitoa moshi. "Lile! Suk, lile la..."

Mahindi yakafunika kila kitu. Shamba moja, la pili, kisha ukuta wa kiwanda, na barabara ikakata kuuacha mto. Kama ulikuwa unafunga kamba ya kiatu, ulishaukosa.

Mzee alibaki amesimama, ameshika mgongo wa kiti. "Nimeliona paa," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Nadhani nimeliona paa."

Si mto ni uleule? Sukhyang aliyasikia maneno yake mwenyewe, na lau kama mtu angeweza kujizaba kofi ndani ya basi bila watu kumshangaa, angejizaba.

Duka la magodoro lilikuwa ukumbi mweupe, mkubwa, na mlango ukafungwa kama kawaida. Kina mama wakavua viatu, wakajitupa juu ya magodoro ya mpira, wakirukaruka kama wasichana. Mzee Pyo hakujitupa. Alizunguka ukumbi, akapata nafasi kati ya vitanda viwili, akatandika mkeka wake mdogo. Akaweka kopo, akamimina pombe kwenye kikombe cha shaba.

"Mzee, chini unalala kwa nini?" Bi Guk akamtania. "Magodoro ya bure haya, jilalie!"

Wakacheka. Mzee alikuwa anageuka huku na huku kama mtu aliyepotelewa na mlango. "Mto uko upande gani kutoka hapa?" akauliza. Hakuna aliyejua. Akaamua kuelekea mlango wa kuingilia, labda kwa sababu kulikuwa na mwanga.

Heo ndiye aliyekuja. Yuleyule wa kula hewa. Alimshika mzee mabega kwa mikono miwili, akamgeuza taratibu mpaka akatazama ukuta wenye picha kubwa ya mtoto mchanga aliyelala juu ya godoro. "Mto uko huku, Mzee," akasema, akarudi nyuma hatua tatu na kuinamisha kichwa.

Mzee Pyo akapiga magoti. Akaweka paji la uso juu ya mikono yake, na akakaa hivyo muda mrefu, suti imempanda mgongoni, soksi zake zenye kiraka zikionekana. Bi Guk aliketi kitandani, akavua kofia yake, akaipakata.

Mzee akainuka. Wote walisubiri, maana kila mtu pale alijua kwamba ya pili inafuata. Badala yake akakishika kikombe, akairudisha pombe chupani polepole bila kumwaga hata tone, akafunika kopo.

"Baba," Sukhyang akanong'ona. "Na ya pili?"

"Hapa?" Akayatazama magodoro, bei zilizoning'inia, wale wauzaji wenye makoti meupe. "Nimzike mama yangu dukani?"

Akakunja mkeka.

Waliporudi Abai, rafiki yake Mzee Eom alikuja na kigoda chake mpaka mlangoni mwa duka. Yeye pia alikuwa mtu wa kaskazini, na miguu ilishamkatalia kusafiri.

"Mtoni ulisimama?" akauliza.

"Nilisimama."

"Ukainama?"

"Niliinama."

"Aa, Deokbo. Umeinama kwa niaba yetu sote." Mzee Eom akalia palepale bila kujificha.

Sukhyang alikuwa nyuma ya meza na kisu chake, akisikia kila neno. Afadhali baba angemgombeza! Afadhali angemwambia mtaa mzima. Siku nne alivumilia, ya tano wakati wanachanganya mtama akashindwa.

"Baba, kulikuwa na safari nyingine. Ya kushuka mtoni, saa nzima. Niliambiwa, wala sikufichwa. Nikachagua hii ya bei poa."

Mikono ya mzee ikasimama ndani ya beseni. Kisha ikaendelea kugeuza samaki. "Koti ni zuri," akasema. "Lina joto."

Hakulirudia jambo hilo tena. Sukhyang alilia usiku, mchana akafanya biashara. Wiki ileile alirudi kwa wakala, akakata nafasi mbili za safari ya kushuka, ya mwezi wa tano, baridi ikishaisha. Mzee alifurahi. Aliifunga chupa ileile kwa kitambaa, akaiweka juu ya kabati. "Imebaki moja tu," alikuwa akimwambia kila aliyeuliza.

Februari kifua kikambana. Aliugua siku tisa. Siku ya mwisho hakuwa na pumzi ya maneno mengi, alimshika Sukhyang mkono akasema, "Ile ya pili. Ukingoni." Kulipokucha alikuwa ameondoka. Sukhyang akamwinamia baba yake mbele ya wafiwa wote, mara moja, halafu mara ya pili, na ile ya pili walimwinua kwa kumshika kwapa. Majuto ni mjukuu, sawa, lakini wa Sukhyang alizaliwa na meno yake yote.

Mwezi wa tano akaenda peke yake. Alivaa lile koti la baba, mikono ikimfunika vidole. Hakukuwa na duka hata moja. Basi likasimama kando ya mto mkabala na Samgol, na mwongozaji, mama mmoja mpole, akamwambia, "Saa nzima, dada. Usiwe na haraka."

Ng'ambo kulikuwa na mwanamke anafua nguo juu ya jiwe, na kuku wawili. Sukhyang akashuka hadi kwenye kokoto, akatandika mkeka, akafungua kopo, akamimina pombe kwenye kikombe cha shaba. Hakumwinamia bibi yake mara mbili. Ya kwanza ilishapigwa na baba mwenyewe. Alipiga magoti, akaweka paji la uso juu ya mikono, akainama ile moja iliyobaki.

Alipoinuka aliitazama saa yake. Dakika ilikuwa haijatimia. Akakaa juu ya mkeka, na ule muda wote uliobaki hakujua aufanyie nini.